Bwawa la Baba na Alizeti Zangu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na huwa inanirudia kila nikisikia kijana wa mtaa wetu huu wa Mbotela akisema, kama wewe leo, anaenda Ukambani kulima alizeti. Siku hiyo baba yangu alinikuta nimesimama kwenye tope katikati ya shamba lake, mpira wa pampu mkononi.

Baba alikuwa mfanyakazi wa reli. Alipostaafu alirudi kwenye kipande chake cha ardhi kavu huko Ukambani, akachimba bwawa kwa jembe na koleo mpaka mikono ikachubuka, mvua ikalijaza. Mimi binti yake, nimetoka chuoni juzi tu, nikalikuta tayari, nikapanda alizeti kando yake.

"Kila asubuhi unamwaga tu," akasema. "Mmea huu mzizi wake hushuka mbali. Uache uyatafute maji chini. Haya yaweke mpaka utakapotoa maua."

"Baba, wewe ni mtu wa reli. Kilimo nimesomea mimi."

Akageuka, akaenda zake. Laiti angebishana.

Alizeti zilinenepa haraka, nami nikavimba kichwa. Zilipoanza kutoa vitumba, bwawa lilikuwa limebaki nyufa. Mizizi ilikuwa imezoea maji ya juu juu, kwa hiyo majani yakalegea mchana, kisha hata jioni. Ndipo Baba, bila kuniambia, akafunga mitungi kwenye baiskeli, akawa anateka maji mtoni. Safari ya tatu alianguka kwenye mteremko, akavunjika nyonga.

Tulimleta hapa Mbotela, kwenye chumba hikihiki. Hakutembea tena.

Siku moja akaniuliza, "Zilichanua?"

"Zilichanua, Baba."

Sikusema uongo. Zilichanua, ila ndani ya maganda hamkuwa na kitu. Akatabasamu. Tabasamu lile naliona mpaka leo nina mvi.

Basi nisikilize. Tandaza majani makavu juu ya udongo. Mwagilia shinani, jua likiwa limepoa. Mimea ikishashika, ibanie maji kidogo. Akiba yako itumie inapotoa vitumba, inapochanua na punje zinapojaa. Na aliyechimba bwawa akikwambia neno, zima pampu kwanza, hata kama umesoma kumshinda.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mvua, na akupe sikio ambalo mimi sikuwa nalo.