Salamu ya Mlangoni

Nyumba ya baba, kule Kibiti, siku hizi imeezekwa bati na mlango wake ni mrefu, lakini nikirudi kutoka huko ninakozurura, bado nainama nikiingia. Wapwa zangu hunicheka. Nimecheza judo Unguja, Nairobi na Kampala, na kila nilikokwenda niliinama vilevile.

Tulijifunzia judo juu ya pumba. Mwalimu wetu wa jiografia, aliyeupata mchezo huo Unguja alikosomea ualimu, alituagiza magunia. Tukayajaza pumba za mashine ya kukoboa mpunga, tukatandika turubai, na juu ya turubai mikeka. Mmoja aliusuka mama kwa milala. Mtu akibwagwa, vumbi lilitimka kwenye mishono ya magunia, sote tukapiga chafya.

Alasiri moja baba alikuwa akitoka sokoni akapita nje ya dirisha la darasa tulimofanyia mazoezi. Alinikuta nimemwinamia mwenzangu, juu ya mkeka wa aina ileile anayoswalia yeye. Akaenda zake. Baada ya magharibi akaniita.

"Yule uliyemwinamia ni nani?"

"Mwenzangu tu, baba. Ni salamu. Hatushikani mpaka tusalimiane."

"Salamu iko mdomoni. Kuinama ni kwa Mungu. Huko Dar hutakwenda."

Mashindano yangu ya kwanza, ya huko Dar, yalikuwa yamekaribia, na nilikuwa siwazi kitu kingine. Asiyeinama mwamuzi hamruhusu kucheza, kwa hiyo sikuwa na njia ya kumzunguka baba.

Mama alikuwa kwenye mbuzi anakuna nazi. Akasema bila kuinua kichwa, "Baba watoto, na wewe kila jioni unainama kuingia humu. Mlango huu unauabudu?"

Nyumba yetu wakati ule ilikuwa ya makuti, na upenu wake ulishuka sana. Aliyejisahau aligonga paji. Baba aligeuka akautazama mlango kana kwamba umeletwa siku ile.

"Wewe kuna nazi yako," akasema.

Kesho yake akaja mazoezini. Alivua kandambili nje, akapiga hodi.

"Karibu, mzee wangu. Shikamoo," mwalimu akasema.

"Marahaba. Hebu nionyesheni hiyo salamu yenu."

Mimi na mwenzangu tukainama. Baba akatikisa kichwa.

"Mmezidisha. Rudieni." Tukarudia. "Punguza. Punguza tena. Hapo, usishuke. Hapo ndipo mlangoni kwangu." Akamgeukia mwalimu. "Akiinama hivi atakwenda. Akishuka zaidi ya hapa, jembe lake liko nyumbani."

"Hapo panatosha, mzee," mwalimu akasema, ingawa nilimwona hana hakika.

Dar kulikuwa na mikeka ya kweli, myororo, haina vumbi. Mpinzani wangu alikuwa kijana wa mjini, mpana wa mabega. Tukainamiana. Mwamuzi akanitazama, akaniashiria kwa kiganja nishuke zaidi. Nikainama tena, palepale pa mlangoni.

"Vipi, mshamba, shingo imekauka?" mpinzani akaninong'oneza.

Mwamuzi alikawia. Nilidhani safari yangu imekwisha bila kumgusa mtu. Kisha akaamuru tuanze, na yule kijana akanibwaga chali kabla sijamshika ukosi sawasawa.

Nilirudi Kibiti nikiwa nimejiandaa kuchekwa. Baba alikuwa amekaa kibarazani, anamenya muhogo.

"Umeshindwa?"

"Nimeshindwa, baba."

"Vibaya?"

"Vibaya sana."

Akaendelea kumenya. "Na kuinama, uliinamia wapi?"

"Mlangoni. Mwamuzi alitaka nishuke, sikushuka."

Akanikatia kipande cha muhogo mbichi, akanipa.

"Basi utakwenda tena," akasema. "Ila jifunze na kumshika mtu."