Siku Niliyomfuta Babu

Siku ya kwanza kazini nilifika saa moja kasoro asubuhi, viatu nimevishika mkononi. Mvua ilikuwa imenyesha Nairobi na sikuwa tayari kuchafua viatu vyangu vya pekee kwa ajili ya mtu yeyote. Mlinzi wa mlangoni aliniangalia kutoka juu mpaka chini, akaniuliza, "Wewe ndiye yule wa jikoni?" Nikamwambia, "Mimi ni wa kompyuta." Kisha nikavaa viatu pale pale mbele yake, polepole, aone vizuri.

Shirika lenyewe lilikuwa la kugawa mbegu kwa wakulima wa sehemu kavu. Halipo tena, kwa hivyo msihangaike kulitafuta. Nilipelekwa Chumba cha Kadi, chini ya Msimamizi, mama mmoja ambaye hakuwahi kukaa chini saa za kazi. Siku hizo kompyuta haikuwa na kibodi ya kuandikia kama hizi zenu. Tulikuwa na kadi za karatasi ngumu, na mashine ya kutoboa. Kila kadi ilikuwa na safu themanini, na kila safu ilibeba herufi moja au namba moja, kwa matundu. Unataka kuandika jina la mkulima? Toboa. Unataka kuandika kijiji chake? Toboa. Na ukikosea hakuna cha kufuta, unatupa kadi unaanza nyingine. Msimamizi alikuwa akipita nyuma yetu akisema, "Tundu ni tundu, wasichana! Tundu halisikii pole!"

Nilitoboa kadi miaka miwili. Halafu wakatangaza mtihani wa kutafuta waandika programu, na mimi nikaufanya kwa sababu tu ulifanywa saa za kazi na nilikuwa nimechoka kutoboa. Kumbe nimepita! Wanaume kumi na mmoja walikuwa wamekaa kwa ule mtihani, na wawili tu ndio walipita pamoja na mimi. Mpaka leo nikikumbuka nyuso za wale tisa, nacheka peke yangu.

Mkubwa wangu mpya alikuwa Mkuu wa Programu, mzee mwembamba wa Kitui, upande wa Mutomo, aliyevaa koti hata wakati wa joto. Aliniita "mwiitu", yaani msichana, kama mzee yeyote wa Ukambani anavyomwita binti wa rika la watoto wake. Siku ya kwanza hakunipa kazi. Aliniketisha, akanihadithia.

"Mwiitu, mimi nilianza kazi hii wakati mtu alikuwa anaongea na mashine kwa namba tupu. Unataka ijumlishe? Unaandika namba. Unataka ichukue kitu mahali? Namba. Hiyo ndiyo lugha ya mashine, na mashine haina nyingine mpaka leo. Ilikuwa unaota namba."

Baadaye, akasema, ikaja asembla, ambayo ilikuruhusu kuandika vifupi vya maneno badala ya namba, neno moja kwa kila tendo la mashine. Ikawa nafuu, lakini ulikuwa bado unafikiria kama mashine. Halafu zikaja lugha zenyewe: FORTRAN ya mainjinia na watu wa hesabu ngumu, na COBOL ya kazi za ofisi, ambayo iliandikwa kwa sentensi za Kiingereza cha kawaida, hamisha hiki, linganisha kile, na kila sentensi ikaisha kwa nukta. Katikati ya sentensi zako na namba za mashine kulikuwa na kompaila. Kompaila ni programu inayosoma programu. Inachukua ulichoandika kama mtu na kukigeuza kuwa namba, na ukivunja kanuni zake inakukataa na kukuchapia orodha ya makosa.

"Walipotuambia mara ya kwanza kwamba mashine itajiandikia namba zake yenyewe, tulicheka," Mkuu aliniambia. "Tulisema haiwezekani iandike vizuri kama sisi. Tulikuwa na maringo, mwiitu. Sasa ona, wewe umekuja juzi na utaandika kwa wiki moja kazi iliyonichukua miezi."

Wiki moja, anasema! Programu yangu ya kwanza ilirudishwa mara kumi na moja. Mnajua kurudishwa ni nini? Sisi hatukuwa na kompyuta yetu. Tulikuwa tunakodi muda kwa jengo lingine ng'ambo ya barabara, asubuhi moja moja. Unaandika programu kwa penseli kwenye karatasi yenye vijisanduku, inatobolewa kwa kadi, kadi zinafungwa kwa raba, zinavuka barabara, na majibu unayapata kesho. Umesahau nukta moja kwenye mstari wa nne, kompaila inachanganyikiwa kutoka hapo kwenda chini, inakuchapia makosa arobaini. Mara ya kwanza nililia chooni. Mara ya sita nilikuwa naitukana, na Msimamizi wa Chumba cha Kadi akanisaidia kuitukana.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mwaka ule kiangazi kilikuwa kimetupiga vibaya, kutoka Kitui mpaka Makueni. Watu walikula mpaka mbegu. Shirika likaandikisha wakulima wapewe mfuko wa mbegu kila mmoja kabla ya mvua ya mwisho wa mwaka. Lakini wengine walikuwa wajanja, wamejiandikisha kwa meza mbili. Mkuu akanipa maagizo kwa maandishi: kadi zikishapangwa kwa majina, kila kadi ilinganishwe na iliyotangulia. Jina la mkulima likifanana, jina la baba likifanana, na kijiji kikifanana, huyo ni mtu mmoja, toa ya pili.

Nilimuuliza, "Na umri je? Umri uko kwenye kadi."

"Umri wa wazee ni wa kukisia," akasema. "Karani huyu anaandika sabini, yule anaandika sabini na tatu. Achana nao."

Nikaachana nao. Mara ya kumi na mbili karatasi ikarudi na mstari mmoja chini: hakuna kosa. Haki nilirukaruka! Mkuu akanunua soda ya kila mtu, akanipa mkono mbele ya Mkurugenzi mwenyewe. Orodha zikachapwa, zikapelekwa kwa machifu, na Jumamosi hiyo nikaenda kwetu Kalamba nikiwa na kichwa kikubwa namna hii. Nilitaka kuwa kwenye baraza la chifu orodha yangu ikisomwa.

Sasa nisikilizeni. Nyinyi wa mjini huenda hamjui jinsi sisi Akamba tunavyoita watoto. Kijana wa kwanza anaitwa jina la baba ya baba yake. Babu yangu alikuwa Muindi, mwana wa Kyalo. Alipozaa kijana, akamwita Kyalo, na huyo ndiye baba yangu. Baba naye alipozaa kijana wa kwanza, akamwita nani? Muindi. Kwa hivyo babu yangu alikuwa Muindi wa Kyalo, na kaka yangu alikuwa Muindi wa Kyalo. Kijiji kimoja. Mashamba mawili, nyumba mbili, wake wawili, majina yale yale. Mimi nimekulia hapo, nimewapelekea wote wawili chai, na sikufikiria.

Naibu wa chifu akaanza kusoma. "Muindi wa Kyalo!" Babu akasimama na fimbo yake. Kaka yangu akasimama. Naibu akasema, "Nimeita mmoja." Watu wakacheka. "Mutua wa Kimeu!" Akasimama mzee, akasimama mjukuu wake nyuma. Watu wakacheka zaidi, mpaka mama mmoja akajifuta machozi kwa leso. Kufika jozi ya tano hakuna aliyekuwa akicheka. Nyumba kwa nyumba, pale palipokuwa na babu na mjukuu, mfuko ulikuwa mmoja. Lori la mbegu lilitarajiwa Ijumaa, na mawingu yalishaanza kukaa juu ya vilima vya Mbooni.

Nilitamani ardhi inimeze. Babu akamwambia naibu, "Andika huyu kijana, ana watoto wadogo." Halafu akaketi. Tukienda nyumbani hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza. Alitembea na fimbo yake mpaka karibu na lango, akaniuliza kwa upole kabisa, "Syombua, hiyo mashine yenu haina babu?"

Ningeweza kunyamaza. Maagizo yalikuwa na sahihi ya Mkuu, na programu haikuwa na kosa hata moja, karatasi ilisema hivyo. Lakini niliona aibu usiku na mchana siku hiyo na kesho yake, na Jumatatu nilikuwa mlangoni mwa Mkuu kabla hajafika. Nilijua naweza kurudishwa Chumba cha Kadi, au nyumbani kabisa. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama.

"Kompaila ilisema hakuna kosa," akasema.

"Mkuu, kompaila inajua kanuni za COBOL. Haijui Kalamba."

Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Kisha nikaona mabega yake yanatikisika, nikadhani amekasirika. Kumbe anacheka! "Aiya, mwiitu! Mimi mwenyewe ni jina la babu yangu! Sote wawili Wakamba, sote wawili tumesoma haya maagizo, na hakuna aliyekumbuka nyumbani kwao!" Halafu kicheko kikakatika, kwa sababu alikumbuka kwamba orodha ya Mutomo ilipita kwenye programu ile ile.

Tulikuwa na asubuhi moja tu ya mashine, Jumatano. Malori yalikuwa yanaondoka Alhamisi. Nafasi kumi na mbili za kujaribu hazikuwepo safari hii. Ilikuwa moja, na nukta moja ikipotea, Babu hapandi kitu. Nikaandika upya ile sehemu ya kulinganisha: majina yakifanana yote na kijiji kikifanana, angalia umri, na tofauti ikizidi miaka kumi na mitano, hao ni watu wawili, waache. Karani anaweza kukosea miaka mitatu ya mzee, lakini hawezi kumkosea babu na mjukuu.

Jumanne mchana Mkuu alifanya jambo ambalo sijamwona tena akilifanya. Alivua koti. Akaliweka juu ya kiti, akavuta meza karibu, akasema, "Leo kompaila ni mimi. Soma mstari wa kwanza. Na mimi sina huruma."

Nilisoma, naye akafuata kwa kidole. Kila sentensi alinisimamisha. "Hiki umekitaja wapi? Kina safu ngapi? Umri uko safu ya ngapi kwenye kadi?" Mstari wa sitini na kitu akapiga meza. "Nukta!" Haikuwepo. Nikaiweka, nikaikoleza kwa penseli. Tukaendelea hadi mwisho, halafu tukarudia kutoka juu, mimi nikiwa kompaila na yeye akisoma.

Jumatano karatasi zikarudi saa nne. Hakuna kosa. Safari hii hakuna aliyeruka, hakuna soda. Mkuu akasema, "Hayo ni maneno ya mashine. Sasa tuulize Kalamba." Tukafunua ile orodha ndefu juu ya sakafu, mimi nikapiga magoti, nikashuka na kidole mpaka herufi M. Muindi Kyalo, Kalamba, umri ishirini na tisa. Na chini yake, Muindi Kyalo, Kalamba, umri sabini na nane. Nililia tena, lakini si chooni. Malori yaliondoka Alhamisi yakiwa na mifuko ya wote, na Babu alipanda siku tatu kabla ya mvua.

Sikurudishwa Chumba cha Kadi. Nilihamishiwa Kitui, nikakaa huko miaka mingi chini ya Meneja wa Tawi aliyeogopa kompyuta na kubisha hodi kabla ya kuingia chumbani ilimokaa. Kadi zikaisha, zikaja skrini, na kompaila iliyokuwa ikikujibu kesho ikaanza kukujibu kabla hujamaliza kupiga chafya. Mwisho nilipelekwa mji wa Wote, nikafundisha vijana, na kila mmoja nilimuuliza siku ya kwanza, "Kwenu mnaitana vipi?" Walidhani nina umbea. Baadaye nikastaafu, nikajenga hapa Kikima, na nafuga kuku ambao hawana adabu hata kidogo.

Mwezi uliopita walikuwa wanagawa miche ya parachichi hapa sokoni. Unatoa jina, kijana anaangalia kwenye tableti, unapewa miche yako. Kijana akaniambia, "Susu, mfumo unasema ulishaandikishwa mara mbili, moja imetolewa. Na iliyobaki imeshachukuliwa." Susu ni bibi, kwa Kikamba. Nikamwambia mimi sijachukua hata jani. Akanionyesha: Syombua Kyalo, Kikima.

Mimi ni Syombua, binti wa Kyalo. Kijana wangu wa pili nilimpa jina la baba yangu, Kyalo. Naye binti yake wa kwanza akampa jina langu. Huyo mjukuu ameajiriwa kuandika programu, na anafanyia kazi hapa kwangu, kwenye meza ya kulia, kwa sababu anasema mtandao wa Kikima uko sawa. Nilijua anaandika kitu cha miche. Sikujua kimeshaanza kutumika, wala kwamba yeye mwenyewe alishachukua miche yake.

Nilirudi nyumbani mikono mitupu, nikamkuta kwenye kompyuta yake na chai imepoa. Nikamwambia, "Umenifuta."

"Haiwezekani, Susu. Ime-compile bila error hata moja."

Nilicheka mpaka kuku wakakimbia. Nilicheka mpaka akaogopa, akaniletea maji. Halafu nikamuuliza kwa upole, kama nilivyoulizwa mimi, "Syombua, hiyo mashine yako haina babu?" Akaniangalia. Akaangalia jina lake kwenye skrini. Nikaona linamwingia polepole, akaweka mkono mdomoni, akamwita Mungu, "Ngai! Na wengine je? Miche inaisha Ijumaa!"

Nikavua sweta. Nikaiweka juu ya kiti, nikavaa miwani, nikavuta meza karibu.

"Basi leo kompaila ni mimi," nikamwambia. "Soma mstari wa kwanza. Na mimi sina huruma."