Nilivyoikalia Suruali ya Nyapara

Mie kulipiza sikufundishwa na mtu. Wengine wakiudhiwa wanalia, wengine wananuna mpaka wanakonda. Mie napika. Yule nyapara nilimpikia chai ya tangawizi siku mbili nzima, Jumamosi na Jumapili, namchekea kwa meno yote, na moyoni namwambia: kunywa baba, kunywa, jaza tumbo, utaihitaji.

Bwana wangu alikuwa mzamiaji. Nje kidogo ya mlango wa bandari, ukitokea Kivukoni, palikuwa na meli ya chuma imelala chini, ya vita vya Mjerumani, ndivyo wazee walivyosema. Basi miaka hiyo ya hamsini wakazuka Wazungu wana hamu ya kwenda kuitazama. Wiki nzima wamekaa ofisini kwenye feni, ikifika Jumamosi wanataka kwenda kuona chuma kilichooza! Wana mitungi ya hewa mgongoni, vioo usoni, na viatu vya mpira kama miguu ya bata. Wakitembea mchangani nawafuata nyuma nikiwaiga, chapa, chapa, chapa, matako nje, wachuuzi wa samaki pale Feri wanakaa chini kwa kucheka.

Lakini wao hawatangulii. Anatangulia mtu mweusi, kifua wazi, jiwe mkononi, kamba kiunoni. Anashuka kwa pumzi yake aliyopewa na Mungu, anawafungia kamba nene kwenye ile meli, ndiyo wao washuke wameishikilia kama bibi anashuka ngazi. Akishafunga, anavuta ile kamba ya kiunoni mara mbili. Aliye juu kwenye mashua anamvuta. Roho ya aliye chini iko mkononi mwa aliye juu, hakuna kingine.

Aliyekuwa anamshikia kamba bwana wangu ni nyapara wao, Msukuma, katoka huko kwenye ziwa kubwa. Na sisi Wazaramo na wale ni watani. Mtani anakutukana mbele ya mkweo, anakunyang'anya kitumbua mdomoni, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umejiaibisha mwenyewe. Mimi utani naupenda, nimekulia humo. Lakini yule aliufanya shuka la kujifunikia uchafu wake.

Siku moja bwana wangu kashuka, kafunga, kavuta. Kimya. Kavuta tena. Kimya. Nyapara kamba kaifunga kwenye ubao wa mashua, yeye anamwashia Mzungu sigara na kumpigia hadithi za ziwa lao. Mwenzangu kule chini guu limenasa kwenye vyuma. Alijichomoa mwenyewe, ngozi imebaki huko, akaibuka kama risasi, damu puani, damu masikioni. Yule mtu badala ya kusema nimesahau, nisamehe, akasimama kwenye mashua akapaza sauti. Nimuige? Namuiga:

"Hahaha! Mzalamo kaona chewa! Kaona samaki mkubwa, kakimbia! Masikio yamepasuka kwa hofu! Rudi ukalime mihogo, mtani wangu!"

Wazungu wakacheka. Neno likafika mtaani kwetu Kariakoo kabla bwana wangu hajafika. Akipita penye benchi la kahawa, wanaume wazima na ndevu zao wanafumba pua na kufanya na midomo: blu, blu, blu. Yeye anaeleza, kamba haikuvutwa. Wanamjibu, haya, chewa kaishika. Sikio moja likafa kabisa, la pili unampigia kelele ndo anasikia. Kuzamia basi. Kushika kamba angeweza vizuri sana, mikono anayo, akili anayo, lakini mwoga nani atampa kamba ashike roho ya mtu? Akawa anabeba magunia sokoni, usiku halali, mchana haongei. Sikutaka fidia mie. Nilitaka yule mtu aseme kwa mdomo wake: sikuvuta. Aseme hapohapo penye benchi.

Ikaja kipupwe, ule upepo wa kusini unaokausha midomo. Kundi la Wazungu likapanga kuzamia Jumamosi na Jumapili, wanatafuta mwanamke wa kuwachemshia chai ufukweni, maana maji ya wakati ule yanauma. Mwenye kuuza pweza pale Feri akanitaja. Nikaenda na sufuria yangu na beseni la maandazi.

Nyapara kuniona, hata kope halikutetemeka! Akaniita mayu, yaani mama kwa lugha yao: "Mayu! Mtani wangu huyu! Mumeo hajambo? Bado anaota samaki?" Huku mkono umeshaingia kwenye beseni, maandazi mawili, matatu, kinywani. Mwenye pweza akamwambia, "Wewe, lipa." Akajibu na mashavu yamejaa, "Nimlipe mtani? Cha mtani ni changu! Nakamata ninachotaka!" Akawageukia watu wote: "Mashahidi nyie! Mimi na huyu mama ni utani kamili, hakuna hasila!"

Nikamwambia, "Kabisa, mtani. Hakuna hasira." Nikamwongezea andazi. Kwa maneno yale kaifunga kamba kiunoni mwake mwenyewe, na mbele ya mashahidi.

Jumapili akaja kajipamba. Koti jeusi, suruali ya pasi unaweza kukatia nyanya, kiatu kinang'aa, kwa sababu Wazungu walisema watapiga picha. Kumbe mzamiaji wao wa jana kapatwa na homa kwa lile baridi, hakutokea. Mzungu mkubwa akaja juu, uso kama pilipili: "Wewe nyapara! Kila siku wewe sema mimi najua maji, mimi najua maji! Haya, leo wewe kwenda chini! Sasa hivi!"

Nyapara akacheka kicheko kikavu. "Mimi, bwana? Mimi mtoto wa ziwani! Haya ni maji ya kuogea watoto! Kwetu maji ya balidi ndiyo maziwa ya mama!" Akavua koti, akavua suruali, akavua shati, akapanga vizuri juu ya jiwe karibu na mafiga yangu. Akajifunga kitambaa kiunoni, akapanda mashua. "Mayu, niangalizie nguo."

"Nitaziangalia, mtani wangu. Kwa macho yote."

Mashua ilipokuwa mbali nikazikunja, nikazifunga kwenye kanga, nikazikalia. Viatu nikatia ndani ya sufuria tupu. Mwenye pweza akaniona. Akasema taratibu, "Ee Mola, leo kuna kazi."

Wakarudi jua limepanda lakini upepo ndo unazidi. Mtoto wa ziwani kajikunja kwenye mashua, midomo ya kijivu, meno yanagonga ka-ka-ka-ka kama cherehani. Kakimbia mpaka penye jiwe. Jiwe tupu.

"Ma-ma-mayu. Nguo."

"Zimekamatwa."

Akacheka. Anaujua mchezo. Kukamata kitu cha mtani mpaka ajikomboe, ni desturi, kila mtu pale anaijua. Akasema, "Haya mayu, nikitoka kwa Mzungu nitakupa hela. Le-lete suruali."

"Hela kampe mama yako. Mie nataka neno. Twende kwenye benchi la kahawa, mtaani kwangu, umwambie bwana wangu: kamba sikuivuta. Ukimaliza, suruali hii."

Mwenzangu, uso ulibadilika! Akanyoosha mkono kutaka kunisukuma, wachuuzi wote wakasimama na visu vyao vya samaki. "Aa-aa! Mtani hapigwi! Jana ulisema nini? Hakuna hasira!" "Unamgusa mwanamke kwenye utani? Wewe umelelewa wapi?" Akamkimbilia Mzungu, bwana, huyu mama mwizi. Mzungu akauliza kuna nini, karani mmoja akamweleza kuwa ni desturi ya makabila yao. Mzungu akafurahi! "Oo! Desturi! Mzuri sana!" Akatoa kamera, akampiga picha. Kweli picha alipata.

Angesema neno lile palepale, lingekwisha. Lakini kiburi. Akaokota gunia la mkaa la mwenye pweza, akajifunika, akashika njia kwa miguu kwenda kwake Magomeni. Nami nikabeba beseni, sufuria, na furushi kichwani, nikamfuata. Yeye mbele na vumbi la mkaa linachuruzika miguuni kwa maji, mie nyuma natangaza kama mnadi wa Feri: "Mtoto wa ziwani huyooo! Maziwa ya mama yamempalia!" Akiongeza mwendo naongeza. Akisimama nasimama, natetemesha meno: ka-ka-ka-ka. Tulipofika Mnazi Mmoja tulikuwa na msafara, watoto, wauza maji, na akina mama waliotoka kanisani na viatu vyao mkononi.

Tukaingia Kariakoo. Pale penye benchi wanaume wamejaa, Jumapili ile, na bwana wangu kakaa pembeni peke yake kama siku zote. Nyapara akataka kupita mbio. Nikamwita kwa upole kabisa.

"Mtani. Ukipita hapa, mbele ni Msimbazi, ukivuka unaingia Magomeni. Na pale mwanzo wa mtaa wenu anayekaanga mihogo mlangoni ni nani?"

Akasimama.

Alikuwa mama mkwe wake. Na nyie mnajua. Mwanaume kuonwa na mkwewe ana gunia na kitambaa kinachochuruzika, huyo mke anarudishwa kwao, na yeye ahame mji. Njia nyingine ya kwenda kwake haikuwepo, labda aruke.

Akageuka. Macho mekundu, sijui upepo, sijui mkaa. Akasema chini kabisa, mdomo haufunguki: "Kamba... sikuivuta."

Bwana wangu akaweka mkono sikioni. "Anasemaje?"

Nikasema, "Mtani, mwenzio huyo masikio yamepasuka. Paza."

"Sikuivuta kamba!"

"Ee? Kamba gani?"

Mwenye kahawa kashika buli hewani, hamimini.

"Kamba yako! Siku ile! Uliivuta mala mbili, mimi niliifunga kwenye ubao, nikawa naongea na Mzungu! Hapakuwa na chewa! Wewe si mwoga! Mimi ndiye niliyekuacha!"

Alipiga kelele mpaka wanawake wakatoka uani na miiko. Bwana wangu akamtazama. Mpaka leo sijui kama mara ya kwanza hakusikia kweli. Nimemuuliza miaka, ananiambia nimwongezee mchuzi. Hapo alitikisa kichwa tu, akasema, "Sasa nimesikia."

Nikafungua furushi. Nilimpa suruali. Nikampa shati, nikampa koti. Viatu nikamrushia kimojakimoja. Akavaa mbele ya watu wote, mguu mmoja unakosa tundu kwa kutetemeka, na hakuna aliyecheka. Mzee mmoja pale benchini, aliyekuwa hodari wa blu blu blu kuliko wote, akasogea, akapiga kofi kwenye ubao wa benchi, akamwambia bwana wangu: "Njoo ukae katikati." Yule mzee naye sikumsahau. Kahawa yake niliitia chumvi kwa muda mrefu baadaye, lakini hilo tuliache.

Wapo walioniambia, bibie, umepitiliza, mtu angeshikwa na kichomi akafa. Nikawajibu, angekufa ningekwenda msibani, mie ni mtani, ningelia kuliko mjane.

Haukupita muda Mzungu mkubwa akamtuma karani. Hadithi ilimfikia. Kaja karani, kajinyoosha mlangoni, sauti ya puani: "Bwana anasema, huyu mtu ambaye hakuvutwa, aje ashike kamba. Yeye atakuwa macho." Bwana wangu akavaa kofia, akaenda. Na nyapara hakuwa nyapara tena. Wazungu walimwambia, kama unajua maji, shuka wewe, au nenda nyumbani kwenu ziwani.

Akashuka. Mwenye pweza aliyaona, ndiye aliyenihadithia. Anasema yule mtu alifunga kamba kiunoni, akaikagua, akaikagua tena, akamtazama bwana wangu aliyeshika ncha nyingine. Akashika jiwe lakini hatumbukii. Mpaka Mzungu akafoka, ndo akaingia, kaenda chini uso umeelekea juu, macho wazi, anatazama mikono ile.

Jioni bwana wangu karudi, kanawa, kakaa mkekani. Nikamuuliza, kwa kupaza sauti, "Alivuta?"

"Alivuta."

"Na wewe ukamvuta?"

"Nikamvuta."

"Papo hapo?"

Akamega ugali, akachovya, akatafuna. Akasema samaki wa leo ana chumvi ya kutosha.