Mfuko Uliofumuka

Wateja walizoea kumtania fundi kwa koti lake. Koti la kijivu, lilimkaa kama amezaliwa nalo, lakini mfuko wa kulia ulining'inia, umefumuka upande mmoja. "Fundi, sisi unatushonea, wewe unashonewa na nani?" Alicheka nao, akaendelea kukanyaga cherehani. Siku moja mkewe alilichukua na sindano mkononi, akanyang'anywa kwa ukali ambao hakuwahi kuuona tangu waoane. Hakuligusa tena.

Mfuko ule ulifumuliwa na kinyozi wa duka la jirani, rafiki yake wa tangu utotoni, ambaye mtaani aliitwa Sawasawa. Ukimwambia apunguze kidogo, sawasawa. Ukimwambia anyoe zote, sawasawa. Mkewe akimwambia wanahamia kwa mama mkwe, sawasawa. Wote wawili walikuwa wajumbe wa chama, na mwaka ule walikwenda mkutano mkuu kumpitisha rais agombee tena.

Jina lilikuwa moja, ila katiba ya chama ilitaka kura ya siri, ndiyo au hapana. Kwenye foleni ya chai kinyozi alimnong'oneza: "Mwenzangu, huyu mtu mimi nimemchoka. Leo naandika hapana. Na wewe?" Fundi akaangalia nyuma kwanza, kisha akajibu, "Sawasawa." Wakacheka mpaka chai ikamwagika.

Karatasi hazikugawiwa. Mjumbe mmoja wa safu ya mbele, wa kupangwa bila shaka, alishika kipaza sauti akasema kura za nini na jina ni moja, wanaoafiki wasimame. Ukumbi mzima ukainuka. Fundi naye akainuka, miguu ikaitangulia akili. Ndipo akahisi mkono umeng'ang'ania mfuko wa koti lake, unamvuta chini. Alijua ni wa nani, na alidhani anajua sababu: anakumbushwa ahadi. Walinzi walikuwa wakipita kati ya safu, wakiwatafuta waliokaa. "Usiniponze," alisema bila kugeuka, akajichomoa. Uzi ukakatika. Akapiga makofi pamoja na wenzake, makofi yasiyo na mwisho, maana hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuacha. Walipokaa, kinyozi, kwenye kiti cha kando yake, alikuwa ameinamia magoti, ameshakufa.

Magazeti yaliandika kwamba rais amepita kwa kauli moja. Mazishini, mwenyekiti wa tawi akasema marehemu alizidiwa na furaha. Furaha! Watu waliinamisha nyuso, wengine kwa uchungu, wengine kuficha kicheko.

Msiba ulipoisha, mjane alikuja dukani akakaa kwenye benchi la wateja.

"Shemeji, wewe ulikuwa ubavuni pake. Watu wananong'ona kwamba hakusimama. Niambie, alikataa au alishindwa?"

"Sijui, shemeji. Nilikuwa natazama mbele."

"Miaka yote niliyoishi naye sijamsikia akikataa kitu. Kama siku ile alikataa, nataka wanangu wajue."

Fundi hakuutaja mkono. Kama ulikuwa mkono wa ahadi, ahadi aliivunja. Kama ulikuwa wa kuomba msaada, rafiki yake alikufa huku yeye akipiga makofi. Mjane akawa anapitia dukani kila atokapo sokoni, anauliza, anaambiwa sijui, anaaga kwa heshima.

Marehemu naye hakumwacha. Fundi akiinamia cherehani, kitu kinavuta koti. Akisimama kumpima mteja kifua, kinavuta. Alilitundika kwenye msumari. Mfuko ukawa unavutwa palepale ukutani, mbele ya macho yake, na upepo hakuna. Akalivaa tena, afadhali kuvutwa kuliko kutazama. Aliogopa, aliogopa sana, na kila alipochukua uzi aushone mfuko, vidole vilikufa ganzi.

Muhula ukaisha, katiba ya nchi ikarekebishwa, na rais yuleyule akataka tena. Barua ya mkutano ilipomfikia, fundi alikwenda nyumbani kwa mjane akamweleza yote, pale mlangoni, bila kukaribia kiti: chai, mkono, uzi, na lile neno alilolisema bila kugeuka. Mjane alisikiliza mpaka mwisho, macho kwenye mfuko.

"Ulimuuliza?"

"Nimuulize nini?"

"Kama anaumwa."

"Sikumuuliza, shemeji."

Mjane akafunga mlango taratibu.

Ukumbini walimweka safu ileile. Kipaza sauti kikashikwa, maneno yakawa yaleyale ya mwaka ule, wanaoafiki wasimame. Viti vikagongana, watu wakainuka. Fundi akahisi mfuko unavutwa, kwa nguvu ya mtu anayezama. Safari hii hakujichomoa. Aliteremsha mkono, akaushika mfuko mtupu, akabaki amekaa. Makofi yalianza. Vichwa vikaanza kugeuka, na mlinzi mmoja akaingia kwenye safu yao. Mwalimu kijana aliyesimama kando yake akainama haraka, akimtafutia kisingizio cha kujificha.

"Mzee, unaumwa?"

"Siumwi, mwanangu," fundi alijibu, kwa sauti ya kufika safu ya mbele. "Mimi mzima."