Alawi na Shafti ya Bi Mwanakombo

Magomeni nzima ya hapa Mtwara hakuna anayemjua Alawi fundi wa kukereza kama mimi. Asiyekubali aje tubishane. Mwaka 1968 alinunua kijimashine cha kukereza chuma kilichobaki kwenye mradi wa karanga wa Waingereza, cha kukanyaga kwa mguu kama cherehani. Akakifunga juu ya benchi la mbao, chumba cha uani. Kila siku mimi niko pale, nimekaa kwenye pembe ya benchi lile lile, namtania. Fundi bila soga analala.

Basi shafti, chuma kinachozungusha mashine ya kusaga ya Bi Mwanakombo, ikakatika, akamletea. Mpya lazima iwe na unene mmoja toka mwanzo hadi mwisho; ikizidi unene wa karatasi ya sigara tu, haiingii kwenye beringi. Alawi akakereza, akapima: huku nene, kule nyembamba. Ya pili, vilevile. Akanoa kisu cha mashine, akakaza nati zote, akaniambia ninyamaze. Nikanyamaza, jambo ambalo hata mama yangu hajawahi kuliona. Wapi!

Chuma kikabaki kipande kimoja. Bi Mwanakombo akaja kusema makopa ya muhogo ya watu yamejaa barazani kwake, na hiki kikiharibika kazi inakwenda kwa mafundi wa bandarini, na wateja wote atawaambia.

Alawi akaanza taratibu, jasho linamtoka kama anasukuma lori. Shafti bado nene, ikaadhiniwa adhuhuri. Nikashuka kwenye benchi nikatawadhe. Mara kisu kikabadilisha mlio.

Alawi akaacha kukanyaga. Akanitazama toka miguuni, akafika tumboni, akakawia hapo.

"Omari, hebu kaa tena."

Nikakaa. Mbao zikalia, mashine ikajipinda kidogo, kisu kikauma chuma.

"Simama."

Nikasimama. Kisu kikaachia.

"Wiki nzima nanoa kisu," akasema, "kumbe kibovu ni makalio yako, bwana."

Tulicheka mpaka tukashikana mabega. Niliporudi kutoka kuswali akanisimamisha mlangoni kama askari wa forodha, akamalizia. Akapima huku, akapima kule: sawasawa. Kwa Bi Mwanakombo shafti ikaingia kwa kusukumwa na dole gumba, mashine ikanguruma, unga ukatupaka wote nyusi.

Alawi anajisifu yeye. Mwacheni. Mtwara hii nani mwingine amenyoosha chuma kwa kusimama tu?