Mlima Uliogeuzwa na Mjomba

Mjomba wangu hununua kitu kwanza, akasema atakielewa baadaye, na hiyo baadaye haifiki. Najua ni kaka wa mama yangu. Mdomoni sisemi kitu, maana watu wakizidi wawili sauti yangu hukauka. Kwenye karatasi sina haya.

Alikulia Kampala kwa shangazi yake, akarudi Kigali mtu mzima, akajenga Ndera, nje kidogo ya mji, kwenye zile nyumba mpya zinazofanana kama mikate ya duka moja. Tangu Ramadhani alikuwa na wimbo mmoja: Bibi anasahau, Bibi asiachwe tena Nyamirambo, Bibi ahamie kwake. Bibi hasahau kitu. Anajua fundi gani wa mtaa huu alimharibia nani kanzu ya harusi. Ila nyumba yake iko ukingoni mwa barabara, mahali pazuri pa maduka, na Mjomba kila akija huipima kwa macho toka mlango hadi ukuta. Mimi nakaa na Bibi. Bibi akienda Ndera, sijui mimi naenda wapi, na hakuna aliyefikiria kuniuliza.

Jumamosi moja alishuka kwenye gari na darubini. Alikuwa ameinunua ya nyota, mawingu yakamkatalia, basi sasa ilikuwa ya kutazama mlima wa ng'ambo ya bonde mchana. Akaisimamisha barazani kwa miguu yake mitatu na kuchomeka vya kukuza zaidi vilivyokuwemo kwenye boksi: lenzi ndogo kuliko zote, na juu yake kile kibomba cha kukuza mara mbili. Kwa Mjomba kikubwa ndicho kizuri, hata tumbo. Nilipochungulia nikaona kitu cha kijivu kinachotetemeka kama uji jikoni. Jua lilikuwa limepasha bonde zima, na ukikuza sana unakuza joto tu.

"Unaona? Iko nguvu sana," akaniambia.

Simu yake ikalia, akaenda getini kupiga kelele. Nikatoa kibomba, nikaweka lenzi ndefu ya kukuza kidogo. Mlima ukatulia. Mabati, kamba za nguo, mwanamke anapepeta mchele. Nikamwita Bibi.

Macho yake hayafiki tena ng'ambo, na miguu haipandi. Lakini zamani alitembeza vitenge kwenye mlima ule nyumba kwa nyumba. Aliinama, akashika magoti, akatazama.

"Tenki la maji limehama," akasema.

Mjomba alikuwa amerudi. "Imehama namna gani, Mama?"

"Lilikuwa kulia kwa msikiti mdogo. Sasa liko kushoto. Na msikiti mlango wake umekwenda upande mwingine."

Mjomba alicheka mpaka akashika nguzo. "Misikiti inatembea! Yewe, hata mimi nisingetunga." Papo hapo akampigia mkewe, mbele ya Bibi, kama vile Bibi ni kiti. "Nilikuambia. Ameanza. Ndiyo, ndiyo, andaa kile chumba. Kesho namleta."

"Ndera ipi?" Bibi akauliza. "Ya nyumba mpya au ya hospitali ya wagonjwa wa akili?"

"Mama, usianze."

"Mimi sijaanza. Wewe ndiye umesema nimeanza."

Nilijua ni kitu gani. Nyuma ya darubini kuna kiwiko chenye kioo, ili usivunje shingo ukitazama nyota. Kioo kile kinasimamisha picha wima lakini kinabadilisha kulia na kushoto, kama kioo cha kinyozi. Nyota hazijali. Mlima wenye msikiti unajali. Nilijua yote hayo, na ulimi wangu ulikuwa umelala kama umepigwa sindano ya daktari wa meno. Mjomba alishaanza kuulizia masanduku ya Bibi.

Basi nikainama nitazame tena, angalau nisimwone yeye. Barabara ya ng'ambo ilikuwa katikati ya duara, na pikipiki za abiria zinapishana.

"Mjomba," nikasema. Ilitoka kama mlio wa panya. "Tazama zile pikipiki. Zinapita upande gani?"

Akainama kwa uvivu. "Kushoto. Kwani zipite wapi?"

Miaka yote ya Kampala, ambako watu hupita kushoto, iko machoni mwake. Alikuwa ameitazama barabara ile na kuiona sawa kabisa.

Bibi ndiye aliyesema. "Tuko Kigali, baba. Hapa watu wanapita kulia."

Mjomba hakuinuka. Nadhani alikuwa anasubiri pikipiki zijirekebishe. Mimi nikachukua kutoka kwenye boksi kile kiwiko kingine, cheusi, chenye prizimu, ambacho alikuwa amekiacha kwenye nailoni kwa sababu hakikuzi chochote. Nikabadilisha, nikazungusha mpaka picha ikawa safi. Bibi akainama.

"Tenki kulia," akasema. "Mlango umerudi. Na pale chini kuna choo kipya, hicho sikijui, hicho ni cha kwenu vijana."

"Hii mashine ni mbovu," Mjomba akasema. "Mambo ya Wachina. Lakini Mama, hata hivyo, umri ni umri..."

"Mpigie mkeo," Bibi akasema. "Kwa sauti ile ile. Mwambie chumba akipangishe."

Alipiga. Aliongea akiwa ameufunika mdomo kwa kiganja, mwanamume mzima. Kisha akakunja miguu mitatu ya darubini yake, mmoja ukambana kidole, na sikwenda kumsaidia. Bibi alikuwa ameshaingia ndani kutafuta chumvi ya maharage, na aliipata bila kumuuliza mtu.