Mwali wa Lisbon

Babu yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mwizi wa karata. Nasema kwa heshima zote. Hata waliombeba jeneza walilisema hilo, ila kwa sauti ya chini. Kila baada ya Alasiri alitandika mkeka barazani kwetu, Bagamoyo mjini, na mimi mjukuu wake ndiye niliyekuwa mwenzake wa mchezo. Aliniita mke wangu. Bibi aliniita mke mwenzangu, hasa siku ambazo sijaosha vyombo.

Siku hizi baraza iko kimya, na sina wa kumshika mkono akificha shupaza chini ya paja.

Ujanani babu alikuwa baharia, mpaka rangi wa meli. Meli ikaharibika Lisbon, akakwama huko karibu miaka miwili, na akawa mwanachama wa chama kidogo cha siasa cha Wareno. Chama cha mrengo wa kushoto, tena kushoto kabisa, yaani ukiongeza hatua moja unaangukia baharini. Kadi yake nyekundu aliiweka kwenye bweta, pamoja na cheti cha ndoa.

"Ulijiungaje na Kireno hukijui?" nilimuuliza.

"Nani kakwambia sikijui? Meza ni meza, bendera ni bendera, karata ni karata. Kopa, uru, shupaza, majina yote ya kwao hayo. Mtu mwenye meza, bendera na karata anakosa nini cha kuanzisha chama?"

Historia ya chama hicho alinisimulia huku akigawa. Mwanzoni kilijaza chumba kizima. Kisha wakabishana nani atangulie kwenye mapinduzi, mkulima au mfanyakazi wa kiwandani. Watu wa mkulima wakaondoka na mashine ya kuchapia gazeti. Watu wa mfanyakazi wakabaki na wino. Basi gazeti likawa halitoki huku wala kule. Halafu wenye wino nao wakagawanyika.

"Kwa sababu gani?"

"Mke wangu, nilikuwa na turufu mbili mkononi. Sikusikiliza."

Nikiwa kidato cha pili, mwalimu wa uraia alituagiza tuandike historia ya chama chochote. Darasa zima likaandika chama kimoja, tena kwa kunakiliana. Mimi nikachagua cha babu. Nikakipekua kwenye simu, nikakikuta bado kipo, nikawatumia picha ya ile kadi. Siku ya tatu likaja jibu. Tukakaa barazani, babu, bibi na mimi, simu ikatusomea kwa Kiswahili chake cha mashine:

"Ndugu mpendwa. Tumebaki sita. Watatu wanataka tukifunge chama, watatu hawataki. Jina lako hatukulifuta. Kura yako ndiyo itakayoamua, tunaiomba kabla ya Ijumaa. Mwali wetu unazimika."

Bibi alikuwa anakuna nazi. Akasimamisha mkono.

"Mwali gani?"

"Simu tu hiyo," babu akasema.

"Simu haimzushii mtu mwali. Una mwali Ureno, anakuzimikia huko, na mimi hapa nakukunia nazi?"

"Mke mwenzangu," nikadakia, "kumbe tuko watatu!"

Nikarushiwa kifuu.

Ikabidi babu aseme. "Niliona mlango umeandikwa CHAMA, kwa rangi nyekundu. Miezi minne sijasoma neno moja la Kiswahili. Nikajua nimefika kwa watu wetu, nikaingia. Wakanipa supu, wakanipa kiti, wakanipa kadi. Baadaye sana ndiyo nikajua kwamba kwao 'chama' ni mwali wa moto, na wanalitamka 'shama'. Lilikuwa jina la gazeti lao. Haya, ningefanyaje? Supu nimeshakunywa."

Nilicheka mpaka nikatoka nje ya mkeka. Bibi naye akacheka. Babu hakucheka.

"Wale wamekaa nacho maisha yao yote," akasema. "Mimi niliingia kwa kusoma vibaya. Leo nikifunge mimi?"

"Piga tu, babu. Wangapi wanapiga kura hata hawajui wanapigia nini?"

"Leo usinitanie, mke wangu."

Siku mbili zilizofuata alicheza bila kuiba, akafungwa zote. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Jumatano akaniita: "Andika. Waambie yote, hata supu. Wakishajua, kama bado wanaitaka kura yangu, waseme."

Jibu lilikuja siku ileile, sauti ya bibi kizee anayecheka mpaka anakohoa, na nyuma yake wengine wanacheka vilevile. Simu ikatafsiri: "Kati yetu sote, wewe peke yako uliingia bila kutaka kubishana. Ndiyo maana tunakuuliza wewe."

Babu akazichanganya karata, akazikata, akazichanganya tena.

"Waambie wafunge," akasema. "Lakini wafunge wote sita kwenye meza moja, wakicheza karata. Na asiondoke mtu na wino."

Miezi kadhaa baadaye ukaja mzigo wa posta. Ndani mlikuwa na kibao cha mlango, rangi nyekundu imepauka: CHAMA. Babu akakipigilia juu ya baraza kwa mkono wake.

Wiki haikuisha, mjumbe wa mtaa akapita, akasimama, akakisoma mara mbili.

"Shikamoo, mzee. Hiki chama kimesajiliwa?"

"Marahaba. Kimefungwa."

"Sasa mbona kibao kipo?"

Babu akasogea, akampa nafasi kwenye mkeka. "Kaa kwanza, unywe supu."

Mjumbe akatazama huku na huku, akavua viatu, akakaa. Na bibi, kutoka jikoni, akauliza kama huyo ni mwali mwingine.